Hedfoni moja, kauli mbili: kwa nini AKG K240 ya zamani wengine wanaisifu hadi basi na wengine hawaitaki

Swali: Mkuu habari. Nina kistudio kidogo nyumbani hapa Mwanza, narekodi kwaya na vijana wa bongo fleva wa mtaani. Kwenye mzigo wa mtumba nimepata AKG K240 Monitor ya zamani, ile ya omu 600, sponji zimechoka ila inalia pande zote. Nimesoma maoni ya watu nikachanganyikiwa, nusu wanasema hii ndo hedfoni ya kweli, haidanganyi, nusu wanasema imefubaa, haina besi, unasikia kama redio iliyofunikwa blanketi. Mimi nikichomeka kwenye simu naisikia ndogo na nyepesi. Nani mkweli hapo, na je niitumie kazini au niiuze?

Jibu:

Salama mkuu. Usiiuze kwanza. Na hao watu usiwaite waongo, wa upande wowote, maana kwa ninavyoona mimi wengi wao wanasema kweli kabisa kuhusu kile walichokivaa, shida ni kwamba hawakuvaa kitu kimoja. Jina ni moja, sura karibu moja, lile duara kubwa na ule mkanda unaojirekebisha wenyewe kichwani, lakini ndani tofauti, sponji tofauti, mashine inayoisukuma tofauti, na vichwa vyenyewe tofauti. Ladha ya mtu ipo, siikatai, ila ni kile kipande kinachobaki mwishoni ukishaondoa hayo mengine yote, na ajabu ni kwamba watu wanaanza kubishana hapo hapo kwenye ladha.

Tuanze na jina. AKG ilianzia Vienna, Austria, mwaka 1947, waanzilishi Rudolf Görike na Ernst Pless. K240 ya kwanza ni ya miaka ya 1970 na hiyo ndo inaitwa Sextett, kwa sababu draiva ya katikati, yaani kile kispika kinachotoa sauti, imezungukwa na visahani sita vyembamba ambavyo havina koili, umeme hauvifikii, vinacheza tu kwa msukumo wa hewa ya ile draiva, kazi yake ni kusaidia chini kwenye besi. Hata hiyo Sextett peke yake wapenzi wake wanaigawa, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na wanabishana ipi ina besi nzuri. Baadaye ikaja K240 Monitor kama yako, visahani vikaondolewa, na pembeni yake K240 DF ambayo nje unaweza usiitofautishe na Monitor ila imetuniwa kwa kipimo kingine kabisa, nitakuja huko. Hizo zote ni omu 600, yaani zina ukinzani mkubwa wa umeme na zinataka volti nyingi. Halafu miaka ya 2000 ikaja K240 Studio, omu 55, draiva mpya, na ndo hiyo watu wengi wanaijua leo kwa sababu bei yake si kubwa na ipo kila duka la vyombo vya muziki, na uzalishaji wake baadaye ukahamia China. Sasa mtu wa leo akiandika "K240 besi yake inavimba kidogo" na mzee wa redio wa Ujerumani akiandika "K240 ni kavu, imenyooka", hawapingani hao, mmoja ana Studio kichwani mwenzake ana DF. Kwa hiyo maoni yoyote ambayo hayasemi ni K240 ipi mimi nayapita tu.

La pili ni sponji, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nadhani ndo nusu ya tatizo lako. Hedfoni haifanyi kazi kama spika ya chumbani, besi yake inatokana na kale kahewa kadogo kaliko kati ya draiva na sikio lako, draiva inakabana na kukaachia. Hewa ikipata njia ya kutokea pembeni besi inakwenda nayo, ni sawa na pampu ya baiskeli ambayo mpira wa ndani umekufa, unasukuma weeee tairi halijai. K240 ni nusu wazi, yaani imeachiwa matundu kwa hesabu maalumu, lakini matundu ya fundi ni tofauti na mwanya wa sponji iliyokauka, ikapasuka, ikalala. Na sponji ikilala kuna jambo jingine, draiva inasogea karibu na sikio, kile chumba cha hewa kinapungua, na sauti za juu zinabadilika, wengine zinawawia kali, wengine zinafifia, inategemea sikio lilivyokaa. Halafu kuna ile sponji nyembamba ya mviringo inayofunika draiva kwa ndani, hiyo ikizeeka inaoza, inakuwa unga au inanata kama ulimbo, nayo ina kazi yake ya kupunguza ukali. Ukisikia mtu kanunua K240 ya miaka 35 na sponji zake za kiwandani akaandika kwamba haina besi, ameeleza hali ya sponji zake.

Na anayebadilisha naye aangalie anabadilisha na nini. Kuna sponji za ngozi bandia na kuna za velveti, za velveti ni raha kwenye joto letu hili, jasho halikai, ila zinapitisha hewa zaidi kwa hiyo mara nyingi besi inapungua kidogo na wewe utasema hedfoni imekuwa nyepesi. Kuna nyingine za bei poa ni nene kupita kiasi, zinasogeza draiva mbali. Kwa hiyo hata watu wawili wenye Monitor ile ile, mwaka ule ule, mmoja kaweka velveti mwingine ngozi bandia nene, wanazungumzia sauti mbili.

Tuje kwenye simu yako sasa. K240 Monitor iliandikiwa takriban desibeli 88 kwa miliwati moja. Kwenye omu 600, kupata miliwati moja unahitaji volti 0.775. Hiyo namba fundi mitambo yeyote wa redio anaijua, ni kile kipimo cha sifuri cha laini za studio zamani, kilichotokana na laini za simu za omu 600, kwa hiyo hedfoni hii ilizaliwa kwenye ukoo huo wa vyombo vya studio vyenye volti za kutosha. Simu yenye tundu, au kale kawaya ka kubadilishia kwa simu zisizo na tundu, vingi vinatoa kati ya nusu volti na volti moja, na hapo umeshakaza hadi mwisho. Tufanye ni volti moja, utapata kama desibeli 90 kwenye kilele, yaani pale muziki unapogonga juu kabisa. Kwa wimbo wa kisasa uliobanwa sana kwenye masteringi hiyo bado inasikika vizuri tu. Kwa rekodi ya kwaya ambayo haijabanwa, wastani wake uko labda desibeli 20 chini ya kilele, umebaki na 70. Ukiwa na simu ya nusu volti toa nyingine 6. Hapo gari likipita nje limekufunika.

Na ndogo si ndogo tu, hapa ndo watu wanaponaswa. Sikio la binadamu likisikia sauti ya chini linapoteza besi kabla ya kupoteza vingine, hilo Fletcher na Munson wa maabara za Bell walilionyesha tangu 1933. Kwa hiyo ulichokisikia, "ndogo na nyepesi", ni jambo moja lililojitokeza kwa sura mbili, wepesi umetokana na udogo. Chukua hedfoni hiyo hiyo ichomeke kwenye amplifaya yenye volti za kutosha, panda taratibu mpaka sauti ya mwimbaji iwe kama mtu anayeongea nawe mezani, halafu sikiliza besi tena. Ndo maana ukiona ubishi wa aina hii swali la kwanza la kumuuliza mtu ni "unasukuma na nini na unasikiliza kwa sauti gani", na wengi hawasemi.

Kuna jambo la tundu lenyewe pia. Zamani vyombo vingi vilikuwa na ukinzani mkubwa kwenye tundu la hedfoni, hata viwango vya kimataifa vya IEC vilitaja omu 120, siku hizi simu iko kwenye omu moja au mbili. Kwa yako ya omu 600 tofauti hiyo ni ndogo sana, usiiwazie. Ila kwa K240 Studio ya omu 55 inaonekana, ukiichomeka kwenye risiva ya zamani besi inaweza kupanda, ukiichomeka kwenye simu besi inatulia, kwa hiyo na hao wa Studio nao wanagombana wenyewe kwa wenyewe na wote wako sahihi.

Sasa hili la "haidanganyi". Mimi hapa ndo napenda kukaa, kwa sababu watu wanafikiri kuna sauti moja iliyonyooka na hedfoni ama imeipata ama imeikosa. Kwa spika ni rahisi, unaweka maiki mbele unapima, mstari ukinyooka imenyooka. Kwa hedfoni haiwezekani hivyo. Sikio la nje pamoja na kile kitundu cha ndani, ambacho urefu wake ni kama sentimita 2.5, vinakuza sauti kwenye maeneo ya kilohezi 3, tena kwa desibeli nyingi, zinafika 10 na zaidi. Ubongo wako umezoea hivyo tangu ulipozaliwa. Ukivaa hedfoni ile njia ya kawaida ya sauti kupita kwenye bega, kichwa na sikio la nje umeikata, kwa hiyo hedfoni yenyewe lazima irudishe huo mlima, na swali ni irudishe kiasi gani. Hapo kila zama walikuwa na jibu lao. Kwa muda mrefu Wajerumani waliiga spika moja iliyo mbele yako kwenye chumba kisicho na mwangwi. Kisha Günther Theile wa taasisi ya ufundi wa redio ya Munich, ile IRT, mwaka 1986 akaandika kwamba kwa hedfoni za studio hiyo haifai, bora kuiga sauti inayokujia kutoka pande zote kwa usawa, na hiyo ndo maana ya DF (kifupi cha "diffuse field") kwenye K240 DF, ililengwa kwa watu wa redio waliotaka hedfoni ya kituo hiki isikike sawa na ya kituo kile. Ukiivaa leo utaiona ina kati na juu nyingi na besi imekaa kimya, na kwa kipimo chake iko sahihi kabisa.

Halafu kuanzia 2012 na 2013 Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman wakaja na njia nyingine, wakawauliza wasikilizaji wenyewe wanapenda nini, bila kujua hedfoni gani wanaisikiliza, na wakakuta wengi wanapenda sauti inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi zaidi ya ile ya Theile. Earphone na hedfoni nyingi za sasa hivi zimefuata mwelekeo huo. (Na Harman ndo waliokuwa wenye AKG wakati huo, walishainunua tangu miaka ya 1990.) Kwa hiyo kijana aliyekulia kwenye vifaa vya leo akivaa Monitor anaona kumeondolewa kitu, na fundi mitambo aliyekaa miaka 20 na DF akivaa hedfoni ya leo anaona kumeongezwa kitu, kila mmoja ameshika rula yake.

Vichwa navyo. Miwani inafungua mwanya pembeni ya sponji. Misuko, rasta, kilemba, mtandio, vyote vinainua sponji, nimeona watu wengi wanaiponda hedfoni kumbe haijakaa tu. Kwenye K240 za zamani kuna vile vimpira vinavyouvuta ule mkanda wa kichwani, vikilegea hedfoni inashuka chini ya sikio, angalia vyako. Na umri, tusioneane haya, mtu wa miaka 60 zile sauti za juu kabisa hazimfikii kama za kijana wa miaka 20, kwa hiyo hedfoni inayomchoma kijana, mzee anaiona safi, na inayomfaa kijana, mzee anaiona imefubaa. Sikio la kila mtu lina umbo lake, na hedfoni inapiga sauti karibu sana na hilo umbo, haiwezi kuwa sawa kwa wote hata ikitoka kiwandani leo.

Ukishasafisha hayo yote ndo unafika kwenye ladha yenyewe, na ladha mimi naiheshimu. Mwaka 2019 Olive na wenzake waligawa wasikilizaji wao kwa wanachokipenda, kama asilimia 64 wakaipenda ile sauti ya Harman, asilimia 21 wakataka besi ipungue, na 15 wakataka besi iongezwe zaidi. Yaani hata ukiwakalisha watu kwenye hali moja, bila kuona jina wala bei, bado mtu mmoja kati ya watano anataka besi pungufu. Nadhani ukiikuta Monitor iliyo hai inasifiwa sana, wasifiaji wengi wametoka kwenye kundi hilo la watu wa besi pungufu, na wengi ni watu wa kusikiliza sauti za watu na vyombo vya mbao, siyo wa kick (ngoma ya besi) na 808 (besi nzito ya mashine ya ngoma).

Ubishi huu hauko kwa AKG peke yake. Sony MDR-V6 ya 1985 na ndugu yake MDR-7506 ya 1991, hadi leo wako wanaosema ni zile zile na wako wanaoapa moja ni kali zaidi, na zote mbili sponji zake zinamenyuka vipande vyeusi vinakubaki masikioni, kwa hiyo nyingi zinazolinganishwa moja ina sponji mpya na nyingine ina za zamani. Beyerdynamic DT 48, iliyoanza 1937, mtu wa muziki anaona haina chini kabisa, lakini watu wa kurekodi sauti za filamu waliitegemea, na wapima masikio hospitali waliitumia, kwa sababu kwenye sauti ya mtu anayeongea inakuonyesha kila kitu. Sennheiser HD 414 ya 1968, ile yenye sponji za njano, ilikuwa omu 2000, ukichomeka kwenye simu leo unategemea nini.

Turudi kwako na kazi yako. Nunua sponji mpya kwanza, za ngozi bandia zenye unene wa kawaida wa K240, siyo zile za donge, na kata duara la sponji laini nyembamba ya kufunika draiva kama ya ndani imeoza, toa unga wote kwa brashi laini taratibu usiguse utando. Kisha achana na simu, tumia intafesi yako ya kurekodia, ila angalia kwenye karatasi yake tundu la hedfoni linatoa volti ngapi, nyingine ndogo za USB zinaipandisha kwa shida, ikiwa hivyo tafuta kiampu kidogo cha hedfoni. Piga kitu cha mono (sauti ile ile kushoto na kulia) unachokijua, mimi napenda dansi za zamani zilizorekodiwa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), mwimbaji anatakiwa akae katikati ya kichwa pale pale, akivuta upande mmoja kuna draiva imechoka, au sponji haijakaa, au waya una tatizo, geuza hedfoni kushoto kulia ujue. Piga pia toni ya hezi 100 halafu 60 halafu 40, utasikia inavyopungua, na bonyeza sponji kidogo kwa viganja, besi ikipanda sana ujue bado kuna mwanya.

Ukishaiweka sawa hivyo, iamini kwenye sauti za watu. Soprano zikimzidi alto, mtu mmoja akichelewa herufi ya mwisho, mwangwi ukiwa mwingi, Monitor itakwambia mapema kuliko hedfoni nyingi za besi kubwa, hapo mimi nipo na wale wanaoisifu na sina wasiwasi. Ila kick na besi ya bongo fleva usiamue juu yake, chini ya hezi 80 haikupi picha kamili, ukiifuata utaongeza besi mpaka spika za watu zitetemeke, hapo nipo na wale wengine. Hiyo angalia kwenye spika, kwenye gari, kwenye hedfoni nyingine.

Na kwa sababu ni nusu wazi inavujisha sauti nje, usiwavalishe waimbaji wakati wa kurekodi, metronomu na kinanda vitaingia kwenye maiki. Kwaya wape za kufunga kabisa, mfano Beyerdynamic DT 770 au hiyo Sony 7506, K240 ikae kichwani kwako wewe unayemiksi.